Jinsi ya kulisoma jengo la zamani la kufua umeme ukiwa London, anzia Shoreditch

Watu wengi wakifika London wanapelekwa Tower Bridge, wanapelekwa Big Ben, wanapiga picha na basi jekundu alafu wanarudi walikofikia. Sawa, hakuna ubaya. Ila kama wewe ni fundi umeme, au unasoma uinjinia, au unapenda tu kujua vitu vilianzaje, kuna majengo ya enzi za Malkia Victoria yaliyokuwa yanafua umeme na bado yamesimama katikati ya makazi ya watu, na ukijua kuyaangalia unaweza kusimama barabarani bila kulipa hata senti moja ukaelewa mtambo ulikuwa unaendaje, japo mashine zenyewe ziling'olewa zamani sana. Hapa natumia jengo moja la Shoreditch, mashariki ya London, kwasababu ndo linafundisha vizuri kuliko mengine yote niliyoyaona, na lilikuwa linachoma taka. Ndiyo, taka za majumbani, mwaka 1897.

Kanuni yenyewe ni moja tu: usianze na sura ya mbele, anza na kinachochomwa. Jiulize hicho kitu kiliingilia wapi, kilichomewa wapi, mvuke ulienda wapi, mashine zilikaa wapi, na waya ulitokea wapi. Hayo matano tu. Kila ukuta wa jengo la namna hii umewekwa pale ulipo kwasababu ya mojawapo ya hayo, urembo ulikuja kubandikwa baadae ili majirani wasilalamike sana.

Kabla hujatoka nyumbani fungua saiti ya ramani ya Maktaba ya Taifa ya Scotland, ni bure kabisa, ina ramani za Ordnance Survey (shirika la ramani la serikali ya Uingereza) za miaka ya 1890 mpaka mwanzoni mwa 1900, na usidhani kwa vile ni ya Scotland basi haina London, ipo Uingereza yote. Uzuri wake unaweza kuilaza ramani ya zamani juu ya picha ya setilaiti ya leo alafu ukawa unaififisha kidogo kidogo, unaona jengo la kale linakaa juu ya paa la sasa. Tafuta maandishi kama Electric Light Station, Electric Lighting Works au Refuse Destructor (tanuri la kuchoma taka). Angalia pia kama kuna mfereji wa kupitia mashua au reli jirani maana hiyo itakwambia makaa ya mawe yalikuwa yanafikaje. Ukishapata jengo, ingia kwenye saiti ya Historic England, taasisi ya majengo ya kihistoria, utafute jina la mtaa, kama limeorodheshwa kama jengo la kihistoria utakuta maelezo yake, yameandikwa kikavu lakini yanasaidia sana kujua nini ni cha asili na nini kimeongezwa juzi.

Sasa twende. Shuka stesheni ya Old Street, ipo njia ya Northern ya treni za chini ya ardhi, toka upande wa mashariki fuata Old Street mpaka ukutane na Pitfield Street upande wa kushoto, ukikata hapo uko jirani kabisa. Jengo lenyewe, ambalo sasa ni shule ya sarakasi, lipo Coronet Street, kamtaa kembamba nyuma ya Hoxton Square. Ni mwendo wa dakika chache kwa mguu. Nenda asubuhi au mchana, usiku eneo lile ni la baa na vijana, utaangalia matofali huku unapigwa kikumbo.

Ukifika usilikimbilie, vuka barabara kwanza, japo mtaa wenyewe ni mwembamba. Unachokiona ni jengo la matofali ya kuchoma lenye mapambo ya terakota (udongo wa kuchoma), na kwenye hiyo terakota kuna maneno ya Kilatini, E PULVERE LUX ET VIS, maana yake kutoka kwenye vumbi unapatikana mwanga na nguvu. Vumbi ni taka, wazoa taka wa London walikuwa wanaitwa watu wa vumbi. Kwahiyo pale pale ukutani wamekuandikia fyueli yao ilikuwa nini, kazi yako ya kwanza imeshafanyika nusu.

Alafu soma jina la mwenye jengo. Hapo ndo kuna ujanja wa kukadiria umri bila kumuuliza mtu. Ukiona neno Vestry jua ni kabla ya 1900, maana hizo zilikuwa halmashauri za parokia, na hapa Shoreditch ni parokia ya St Leonard. Sheria ya 1899 ilizifuta na mwaka 1900 zikaingia halmashauri mpya zinazoitwa Metropolitan Borough. Ukiona Borough kwenye jengo la umeme la London ndani, basi ni la 1900 kuja huku. Ukiona jina la kampuni badala ya halmashauri, hiyo nayo ni habari, London ilikuwa na vyote viwili, kampuni binafsi na halmashauri wakigombania wateja, na wa Shoreditch walijivunia sana kuwa na umeme wao wenyewe mpaka halmashauri mpya ilipoundwa ikachukua kauli mbiu ya "More Light, More Power". Mwanga zaidi, nguvu zaidi. Tanesco wangeweza kuiazima hiyo.

Kituo kilifunguliwa Juni 1897, siku chache tu baada ya sherehe za miaka 60 ya Malkia kwenye kiti, na aliyekuja kukifungua ni Lord Kelvin, yule yule wa nyuzi za Kelvin tunazosoma kwenye fizikia. Mwanasayansi mkubwa kuliko wote Uingereza wakati ule anakuja mtaa wa maskini kufungua tanuri la taka! Hiyo ikupe picha jambo lilichukuliwa kwa uzito gani.

Haya, fyueli. Zungukia pande zote unazoweza kuzunguka kihalali utafute geti kubwa. Kwenye majengo ya namna hii kila mara kuna mlango mpana usiolingana na mingine, ndo mkokoteni wa farasi ulipita, na ukiangalia chini kwenye pembe za ukuta mara nyingi utakuta jiwe la granaiti au chuma kimechomoza, cha kuzuia gurudumu lisimege matofali. Inama uliangalie, mara nyingi limechubuka. Ukishaliona hilo umeshajua njia ya mzigo na huhitaji mtu wa kukueleza.

Mikokoteni ya Shoreditch ilikuwa inaleta taka za majumbani, zinapandishwa juu kwa lifti ya umeme alafu zinamwagwa kwenye matanuri kutokea juu. Ndo maana jengo linahitaji urefu, siyo kwa ajili ya maringo. Matanuri yalikuwa 12 na boila (matangi ya kuchemshia maji yatoe mvuke) 6 zilizokaa katikati yake, kila boila inapata moto wa matanuri mawili. Hewa inasukumwa kwa feni ili moto uwe mkali, maana taka ukiiachia iungue yenyewe inatoa moshi na harufu tu, joto hakuna.

Hapa mtu wa kwetu lazima aulize, taka inawezaje kuungua mpaka ichemshe maji ya kuendesha mtambo? Swali zuri. Nyumba za London zilikuwa zinaota moto wa makaa ya mawe kila chumba, kwahiyo ndoo ya taka ilikuwa imejaa majivu, na ndani ya majivu kuna vipande vya makaa ambavyo havijamalizika kuungua. Taka yao ilikuwa kavu zaidi na ina mkaa ndani. Taka ya dampo la Pugu (Dar) au Dandora (Nairobi) ni maganda ya ndizi, mabaki ya chakula, majimaji, ukiichoma joto lote linaishia kukausha maji kwanza. Kwahiyo mtu akikwambia mbona Wazungu waliweza 1897 sisi tunashindwa nini, mwambie akaangalie ndoo zao zilikuwa na nini, alafu ndo mjadili.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo kila anayefanya kazi ya gridi ataielewa mara moja. Taka zinakuja mchana, tanuri linawaka masaa yote, ila watu wanawasha taa jioni. Joto la mchana ulipeleke wapi? Pale walifunga mfumo wa injinia mmoja anaitwa Druitt Halpin, tangi la kutunzia maji ya moto yenye presha, mchana wanalijaza joto, jioni mahitaji yakipanda wanalivuta. Yaani ile habari ya kuhifadhi nishati tunayoambiwa leo ni teknolojia mpya, wenzetu walikuwa wanahangaika nayo kabla hata ya matangazo ya redio.

Bomba la moshi usilitafute sana. Kwenye majengo mengi haya dohani ndo kitu cha kwanza kubomolewa, ni refu, ni hatari, halina kazi. Badala yake angalia ukutani kama kuna sehemu matofali yamebadilika rangi au mpangilio bila sababu, mara nyingi hapo palikuwa na kitu kikubwa kimetolewa.

Kinachofuata ni kutofautisha nyumba ya boila na ukumbi wa mashine, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Nyumba ya boila ni chafu, kuna joto na masizi, kwahiyo madirisha machache na juu ya paa kuna sehemu iliyoinuliwa yenye nafasi za kutolea joto, kama paa dogo juu ya paa. Ukumbi wa mashine ni kinyume chake, ni mahali pa wageni kuonyeshwa, kwahiyo madirisha makubwa, marefu, mara nyingi yamepinda juu kama ya kanisa. Na siyo urembo tu, fundi alihitaji kuona injini inavyokwenda, kuona mafuta yanavyodondoka kwenye beringi, na mchana usingependa kupoteza umeme wa kuuza kwa kujimulikia mwenyewe. Ndani ya kumbi hizi ukibahatika kuingia angalia ukuta wa chini, mara nyingi ni matofali meupe yenye kung'aa kama vigae, yanarudisha mwanga na mafuta yakirukia unapangusa na kitambaa imetoka. Juu tafuta reli mbili zinazokwenda urefu wote wa ukumbi, moja kila upande, zimekaa juu ya nguzo au vikuta vilivyochomoza. Hizo ni za winchi ya juu ya kubebea injini na dainamo wakati wa matengenezo. Ukiona hizo reli, hata kama sasa pamekuwa mgahawa au ofisi, wewe jua uko kwenye ukumbi wa mashine.

Usisahau sakafu. Injini za mvuke za wakati ule zilikuwa zinatingisha balaa, na kesi maarufu ilitokea Bankside, ng'ambo ya mto Thames, ambako mwenye baa mmoja Shelfer aliishtaki City of London Electric Lighting Company kwasababu mtetemo ulikuwa unaharibu nyumba na hauwaachi wakae. Mahakama ya rufaa ikampa haki, ikasema kampuni haiwezi kuendelea kumuudhi jirani eti kwa vile ina hela ya kumlipa fidia. Mawakili wa Uingereza wanainukuu kesi hiyo mpaka kesho. Kwahiyo msingi wa zege mnene chini ya mashine ulikuwa pia ni kinga ya mahakamani, na majengo haya mengi yamedumu kwa sababu hiyohiyo, yalijengwa yabebe kitu kizito kinachotikisika usiku kucha.

Swali la mwisho la kanuni yetu ni waya. Mbona kituo kiko mtaani, siyo nje ya mji? Jibu ni volti. Vituo vingi vya mwanzo vilikuwa vinatoa umeme wa mkondo mnyoofu (DC) wa volti kama 100 na kitu, na kwa volti ndogo hivyo umeme ukisafiri mbali unapotelea kwenye waya, taa za mwisho wa mtaa zinakuwa njano. Kwahiyo unatakiwa ufue karibu na mteja, ndani ya maili moja hivi. Ukitaka kuona hilo kwa macho nenda Kensington Court, shuka High Street Kensington, kuna kijengo cha kituo cha injinia Crompton kutoka miaka ya 1880, kidogo kiasi kwamba unaweza kukipita, na sehemu kubwa ya mtambo ilikuwa chini ya usawa wa barabara, katikati ya majumba ya matajiri wenyewe waliokuwa wanawashiwa taa. Alikuwa anatumia betri pia kubeba mzigo.

Aliyepinga wazo hilo ni kijana Sebastian Ziani de Ferranti, mzaliwa wa Liverpool, akiwa hajafika hata miaka 25 akasema tufue Deptford pembeni ya Thames ambako ardhi ni rahisi, makaa yanakuja na meli na maji ya kupozea yapo, alafu tupeleke mjini kwa volti 10,000. Watu walimwona kichaa. Kebo ya kubeba volti hizo haikuwepo sokoni, ikabidi aitengeneze mwenyewe, mabomba ya shaba yaliyozungushiwa karatasi, na mwaka 1891 volti hizo zikawa zinafika London kati. Nchi nzima leo inatumia njia yake. Ila Deptford hakuna cha kuangalia, kituo kilibomolewa, wakati wale wa vituo vidogo vya mtaani walioshindwa hoja ndo majengo yao yamebaki. Holborn Viaduct namba 57 hali ni hiyohiyo, Edison aliwasha pale mapema 1882 kabla hata ya kile cha Pearl Street New York, na jengo halipo tena. Usipoteze nauli.

Kuhusu utitiri wenyewe, kabla ya Vita ya Kwanza London ilikuwa na watoa umeme 65, vituo 70, masafa (frikwensi) 10 tofauti na volti za kusambazia 24 tofauti. Unahama mtaa mmoja kwenda wa pili pasi yako haifanyi kazi. Gridi ya taifa ilianza kujengwa baada ya sheria ya 1926, na 1948 serikali ikataifisha kila kitu. Kwetu nako kwa wakati huo siyo kwamba kulikuwa giza tupu, Beit al Ajaib ya Sultan Barghash ilijengwa 1883 na inajulikana kama jengo la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme, na Mombasa kampuni ya umeme ilianza 1908.

Turudi Shoreditch, bado hujamaliza. Tembea mpaka Pitfield Street uangalie jengo la zamani la maktaba, ambalo baadae likawa ukumbi wa Courtyard Theatre. Maktaba na mabafu ya umma vilijengwa jirani na kituo makusudi, na mvuke uliotoka kwenye mashine ulipelekwa kupasha maji ya mabafu. Nyumba nyingi za eneo lile hazikuwa na bafu wala maji ya moto. Kwahiyo mzazi wa Hoxton anatoa ndoo ya taka asubuhi, jioni mtoto anaoga maji ya moto yaliyotokana na ndoo hiyo na anasomea kitabu chini ya taa. Mimi hii ndo sehemu inayonikosha kuliko Kelvin na yale maneno ya Kilatini. Mabafu yalipigwa bomu kwenye vita ya pili ila maktaba ipo, simama katikati ya majengo hayo upime umbali kwa hatua uone ulivyo mfupi.

Kuingia ndani inawezekana, na siyo kwa kubembeleza mlinzi. Tangu 1994 jengo ni shule ya sarakasi, zamani ikiitwa Circus Space, sasa National Centre for Circus Arts, na kumbi zake kubwa wameziacha na majina ya kazi, moja inaitwa Combustion Chamber na nyingine Generating Chamber. Shule ya sarakasi inataka nini? Dari refu na paa la kuning'iniza watu wazima bila kuporomoka. Jengo la umeme lina vyote. Nunua tiketi ya onyesho la wanafunzi, au kama una mbavu jiandikishe darasa la wanaoanza, wanafundisha hata watu wa kawaida, utapata kuangalia dari ukiwa umelala chali kwenye godoro. Njia nyingine ni tamasha la Open House, linafanyika Septemba kila mwaka, majengo mengi ya London yanafunguliwa bure, ila angalia kwanza kama jengo unalolitaka liko kwenye orodha ya mwaka huo na uwahi kubuki.

Picha piga tu ukiwa barabarani, sheria ya Uingereza inaruhusu kupiga jengo ukiwa sehemu ya umma. Ila ukiona kibao cha njano chenye mtu anapigwa na radi, hapo kaa mbali hata kama jengo linaonekana limekufa, maana vituo vingi vya zamani vilibadilishwa kuwa sabstesheni (vituo vya kupozea na kusambazia umeme) na ndani bado mna transfoma zenye moto, tena volti ambazo hazihitaji ushike kitu ndo zikupige. Usichungulie kwenye luva (matundu ya kupitishia hewa), usipande ukuta, na usiweke simu kwenye fimbo ya selfi ukaipenyeza juu ya geti.

Kama baada ya hapo bado una hamu, nenda Hackney Archives, wako kwenye maktaba ya Dalston CLR James, Dalston Square. Shoreditch iliunganishwa na Hackney mwaka 1965 kwahiyo makaratasi ya halmashauri ya zamani yako huko, omba kumbukumbu za Vestry za miaka ya 1890 na picha za kituo. Angalia saa zao za kufungua mtandaoni na uweke miadi kabla, nenda na penseli maana kalamu ya wino kwenye nyaraka za namna hii kwa kawaida hawataki, na ukiletewa mchoro wa ramani ya jengo cha kwanza tafuta geti la mikokoteni, ukishalipata uende nalo mpaka kwenye waya.